Hatujabeba Kitu

Njia panda ya Mtama, mama wa maandazi akatuuliza:
"Mnapanda Rondo kufuata nini?"
Keria zetu hazina gunia, hazina dumu,
hazina hata kuku aliyefungwa miguu.
Nambunga akajibu, "Tunakwenda kulala."
"Kwani kwenu hakuna kitanda?"
Akatuongezea andazi moja la bure
kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Baiskeli ya Nambunga ina gia ishirini na moja,
zinazofanya kazi ni nne.
Yangu niliipata mnadani Nyangao;
breki yake ya nyuma hulia kama mbuzi
aliyekwisha kukiona kisu.

Hadi saa tisa jua lilikuwa upande wetu.
Kisha likachungulia wingu
jeusi kama kitako cha sufuria.
"Litapita kule," akasema Nambunga.
Wingu halijui kule ni wapi.

Mvua ya Rondo haidondoki.
Inamwagwa, mara moja,
kama maji ya vyombo, na mtu
asiyeangalia nani anapita uani.
Mchanga mwekundu uliokuwa barabara
ukawa ugali, ukasongwa
kati ya tairi na uma,
gurudumu likagoma.
Tukachokonoa kwa vijiti. Hatua kumi,
tukachokonoa. Hatua kumi.
Mwisho tukazitia baiskeli mabegani,
sisi ambao hatujabeba kitu.

Giza lilitukuta kwenye mikorosho ya mtu tusiyemjua.
Turubai tukalifunga kwa kamba ya katani na tyubu kuukuu.
Kiberiti: njiti sita, sita zote zikafa.
Andazi la bure lilikuwa limekuwa uji,
tukagawana kwa kijiko.
Usiku turubai likaota tumbo;
Nambunga akalisukuma kwa kichwa
na mimba yote ya maji
ikajifungulia kifuani kwangu.
Sikucheka. Nilicheka baadaye,
kama saa sita hivi,
meno yalipochoka kugongana.

Saa nane, jiwe.
Likagonga rimu, likalia kama kengele ya shule.
Halafu sauti ya mwanamke, kutoka juu ya dungu:
"Nguruwe au watu?"
Swali lile lilikuwa zito kuliko alivyodhani.
"Watu," nikasema, bila uhakika mkubwa.
"Watu wa wapi, wanaolala mvuani?"
"Mtama."
Kimya. Mvua ikajaza nafasi.
"Mtama nako kumeharibika siku hizi."

Akashuka na kaa la moto kwenye kigae,
amelikinga kwa kiganja
kama anabeba kifaranga,
na mihogo miwili kwapani.
Jina lake Somoe.
Analinda shamba la muhogo lisichimbuliwe,
peke yake juu ya miti minne.
Nikamuuliza, usiku wa ngapi huu?
Akahesabu kwa vidole, akarudia:
"Kumi na saba."
Sisi wetu ulikuwa wa kwanza, wa mwisho,
na moyoni nilikuwa nimeshaanza
kuupamba ili niusimulie.

Akarudi juu. Tukamsikia akipiga debe,
akitukana nguruwe kwa majina,
majina ya watu, nadhani ya wakwe.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelimeza bonde la Lukuledi,
tukashuka kama tunaoingia kwenye maziwa.
Breki ilikuwa imenyamaza kabisa, mbuzi amekwisha kuchinjwa.
Nikakandamiza soli ya kandambili kwenye tairi,
ikanuka mpira, ikaisha,
nikaomba Mungu kwa kisigino.
Mbele yangu Nambunga anapiga kelele,
sikujua ni za hofu au za raha.
Hata yeye, nilipomuuliza, hakujua.

Njia panda, mama wa maandazi
akatutazama kuanzia matope ya masikio.
"Haya. Mmeleta nini?"
Nambunga akafungua mdomo, akaufunga.
Mfukoni nilikuwa na kipande cha muhogo,
kimeungua upande mmoja.
Nikampa.
Akakinusa, akakata kidogo kwa jino,
akatafuna huku anageuza maandazi yake.
"Wa Rondo huu," akasema.
"Mmeusahau chumvi."